HAYATI YA EDMUND GOSSE
Mtoto Aliyewekewa Nadhiri

Mwenye kusoma karatasi yetu hii huenda akastaajabu kuona kwamba mara hii hatukumletea hayati ya mwanachuoni wala ya shujaa, bali tumemletea khabari za Mwingereza mmoja, mtungaji wa vitabu, aliyezaliwa na kulelewa katika Ukristo mkali kabisa, kisha akautoka. Hatukumchagua ili tumcheke yeye wala dini ya wazee wake. Kuicheka nyumba ya jirani inapoungua si kazi ya mwenye akili, khasa ikiwa paa lake yeye pia ni la makuti. Tumemchagua kwa sababu swali lililomo katika maisha yake limo katika kila nyumba yenye baba mcha Mungu na mtoto mwenye akili. Swali lenyewe ni hili: je, mtu aweza kumvisha mwanawe imani kama anavyomvisha kanzu, au imani ni kitu ambacho kila nafsi hapana budi ikifikie kwa miguu yake yenyewe?

Edmund Gosse alizaliwa London tarehe 21 Septemba 1849. Baba yake, Philip Henry Gosse, alikuwa mtu wa ajabu. Alizaliwa mwaka 1810 katika nyumba isiyokuwa na mali, akaenda ng'ambo angali kijana kufanya kazi ya ukarani katika kisiwa cha Newfoundland, akalima Kanada, akasomesha Alabama katika Marekani, kisha akakaa Jamaica kuanzia mwaka 1844 hata 1846 akichungua ndege na wadudu. Elimu ya viumbe aliipata kwa macho yake na kwa subira yake, wala hakuipata katika chuo kikuu. Aliporudi Uingereza aliandika vitabu vilivyopendwa na watu, akachora kwa mkono wake viumbe vya baharini kwa uzuri ambao wachache waliufikia. Yeye ndiye aliyewafundisha Waingereza kuweka tangi la kioo lenye maji ya bahari na kuyatazama maisha ya chini ya maji wakiwa wamekaa vitini. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1854. Mwaka 1856 wataalamu wa London walimkubali awe mmoja wao katika Royal Society, heshima kubwa kabisa kwa mtu wa elimu.

Mama yake, Emily Bowes, alikuwa mwenye kusoma sana na mwenye kutunga mashairi ya dini na vijikaratasi vya kuhubiri vilivyogawiwa kwa maelfu. Waliooana mwaka 1848 walikuwa watu wazima, yeye amekwisha pita miaka 40, na mtoto wao alikuwa huyu mmoja tu.

Wote wawili walikuwa katika jamaa ya Kikristo iitwayo Ndugu wa Plymouth. Jamaa hii ilianza kiasi cha mwaka 1830. Hawakuwa na mapadri wala maaskofu. Walikutana kila Jumapili katika chumba kisichokuwa na pambo, wakamega mkate pamoja. Biblia kwao ilikuwa neno la Mungu herufi kwa herufi, nao waliamini kwamba Masihi atarudi karibu sana, pengine leo kabla ya jua kuchwa. Hawakuchanganyika na watu wa dunia. Hawakwenda michezoni, hawakualika wageni wasiokuwa wa imani yao, na makanisa mengine ya Kikristo waliyaona yamepotea.

Mtoto huyu alipokuwa mchanga wa wiki chache, wazazi wake walimpeleka mbele ya jamaa yao wakamweka nadhiri kwa Mungu. Tangu siku ile njia yake ilikuwa imekwisha chorwa: atakuwa mhubiri. Yeye mwenyewe hakuulizwa, wala hangeweza kuulizwa.

Nyumba yao ilikuwa na mapenzi, na jambo hili twataka msomaji alishike. Edmund hakupigwa kila siku, hakunyimwa chakula, wala hakusikia matusi. Lakini hapakuwa na mtoto mwengine wa kucheza naye, na hapakuwa na hadithi. Emily alipokuwa msichana mdogo alikuwa na kipawa cha kutunga hadithi, mpaka mlezi wake akamwambia kwamba kutunga jambo lisilokuwa la kweli ni dhambi. Aliyaamini maneno hayo maisha yake yote, kwa hivyo mwanawe akakua bila kusikia kisa cha sungura wala cha mfalme wala cha jini. Alisoma Biblia, khabari za wanyama, khabari za nyota na khabari za wamishionari. Kila kitu alichosoma kilikuwa kweli, au kilisemwa kuwa ni kweli.

Alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka 6 yalimpata mambo mawili madogo ambayo hakuyasahau. La kwanza ni kwamba siku moja aliutoboa kwa siri mfereji mdogo wa maji uliokuwa ukipeleka maji katika bustani ya baba yake. Baba alipoona uharibifu aliwadhania mafundi waliokuja kutengeneza karibuni, na mtoto hakuulizwa. Mpaka siku ile alikuwa akidhani kwamba baba yake ajua kila kitu, kama Mungu ajuavyo. Sasa akatambua kwamba baba aweza kukosea. Akatambua na jambo jengine lililo kubwa zaidi: kwamba ndani yake yeye mtoto mna mwenziwe wa siri, awezaye kusema naye, ambaye hapana mtu mwengine amjuaye.

La pili lilikuwa la kuabudu masanamu. Baba alimfundisha kwamba Mungu hukasirika sana mtu wa nchi ya Kikristo akisujudia mti au jiwe. Mtoto akataka kujua. Alingoja mama yake atoke, akapandisha kiti kidogo juu ya meza, akapiga magoti, akakiomba kile kiti badala ya kumwomba Mungu. Kisha akangoja adhabu kwa khofu. Jua likaendelea kuwaka, barabara ikabaki na kelele zake, wala hapana kilichotokea. Hakutoka hapo akiwa mkanushaji. Lakini aliona kwamba baba yake hakuyajua vizuri aliyoyasema juu ya Mungu. Watoto wetu nao huyapima maneno yetu hivi hivi, nasi hatuna khabari.

Mwaka 1856 Emily alishikwa na maradhi ya saratani ya ziwa. Walikubali dawa mpya ya tabibu mmoja kutoka Marekani iliyopakwa juu ya ugonjwa ikaunguza nyama, na mateso yake yalikuwa makubwa. Mtoto alikaa na mama yake siku nyingi za ugonjwa ule, akimsomea. Alikufa Februari 1857, na alipokuwa akifa alimkumbusha mumewe ile nadhiri ya mtoto. Edmund alikuwa na umri wa miaka 7. Mzigo aliokuwa amebebeshwa mchanga sasa ulifungwa kwa wasia wa mama aliyekufa, na wasia wa namna hiyo haufunguliki kwa urahisi.

Katika mwaka ule ule Philip Gosse alipatwa na pigo la pili. Wataalamu walikuwa wakisema kwamba miamba na mifupa iliyomo ardhini yaonyesha ulimwengu ni mkongwe mno, nayo jamaa yake ilishika kwamba uliumbwa kwa siku 6 miaka elfu chache iliyopita. Yeye alizipenda elimu zote mbili, ya kitabu na ya miamba, akataka kuzipatanisha. Akaandika kitabu alichokiita Omphalos, yaani kitovu. Hoja yake ilikuwa kwamba Adamu aliumbwa mtu mzima mwenye kitovu, ijapokuwa hakuzaliwa na mwanamke. Basi na ardhi vile vile iliumbwa mara moja ikiwa tayari na alama za umri ambao haikuupitia. Alidhani kitabu hiki kitawaridhisha watu wa dini na watu wa elimu. Wote wawili walikikataa. Hata Charles Kingsley, padri na rafiki yake, alimwandikia kwamba hawezi kusadiki kuwa Mungu ameandika uwongo katika mawe. Miaka 2 baadaye Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe, na dunia ya wataalamu ikaenda njia yake. Philip Gosse akajifungia katika imani yake kwa nguvu zaidi kuliko zamani.

Mwaka 1857 baba na mwana walihamia kijiji cha St Marychurch, katika jimbo la Devon, karibu na bahari. Hapo Philip akawa kiongozi wa kikundi kidogo cha Ndugu, wengi wao wakulima na mafundi. Bahari ikipwa, baba na mwana walishuka miambani wakaingia majini mpaka kiunoni, wakapekua vidimbwi wakitafuta vile viumbe laini vifananavyo na maua. Sisi watu wa pwani twaijua furaha ya vidimbwi vya miambani maji yakitoka, nasi twaweza kumfahamu mtoto huyu. Saa hizo baba yake alicheka na kusahau khofu zake, nazo ndizo saa bora za utoto wa Edmund. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwa huzuni kwamba vidimbwi vile viliharibiwa, kwani watu waliovisoma vitabu vya baba yake walimiminika pwani na ndoo na vyuma wakakomba kila kitu.

Lakini nyumbani ukali ulizidi. Kwa Philip, Krismasi ilikuwa sikukuu ya kipagani iliyobandikwa jina la Kikristo. Siku ya Krismasi ya mwaka 1857 watumishi wa nyumba walijipikia kwa siri mkate mtamu wa zabibu ambao Waingereza hula siku hiyo, nao wakamwonea huruma mtoto wakampa kipande. Tumbo likamuuma, na dhamiri nayo ikamuuma, akamwendea baba yake akakiri kwamba amekula kitu kilichotolewa kwa masanamu. Baba alikimbilia jikoni, akauchukua ule mkate uliobaki, akatoka nao mbio mpaka jaani, akauzika katika majivu. Twaomba msomaji apime: mtoto aliona nini siku ile? Je, aliona utukufu wa Mungu, au aliona mtu mzima akipigana na mkate?

Alipokuwa na umri wa miaka 10 baba yake aliwataka wazee wa jamaa wamkubali kuwa mwenzao kamili, jambo ambalo kwa kawaida halifanywi kwa mtoto. Walimhoji, akajibu kila swali vizuri kabisa kwa kuwa alikuwa amefundishwa majibu, akabatizwa kwa kuzamishwa Oktoba 1859 mbele ya watu wengi. Wakubwa walilia kwa furaha. Yeye, baada ya hapo, akiwa amekaa katika safu ya watakatifu, aliwatolea ulimi watoto wenziwe walioketi nyuma, ili wajue kwamba yeye amekwisha kubaliwa nao bado. Alilikumbuka hilo mwenyewe na kuliandika bila kujificha. Mwenye kulazimishwa utakatifu kabla ya wakati wake hupata kiburi chake kwanza.

Desemba 1860 baba yake alimuoa Eliza Brightwen, mwanamke mpole, naye akaleta hewa mpya katika nyumba. Mashairi yakaruhusiwa kidogo kidogo, na baadaye hadithi za Dickens. Kabla ya hapo Edmund aliwahi kuokota ndani ya sanduku kuukuu kurasa za hadithi ya kubuni zilizobandikwa kuwa bitana, akazisoma akitetemeka, akidhani ni khabari ya kweli, kwani hakujua kwamba mtu aweza kutunga. Na siku moja baba yake mwenyewe alimsomea kwa sauti beti za Virgil kwa Kilatini. Mtoto hakufahamu maana, lakini alishikwa na uzuri wa ile sauti. Mlango ule ulifunguliwa na baba kwa mkono wake, wala hakujua.

Alipokuwa mwanafunzi wa skuli, jioni moja ya kiangazi alisimama peke yake dirishani akitazama jua likituwa. Moyo ukamjaa, akaomba kwa ikhlasi yote aliyokuwa nayo kwamba Masihi aje saa ile ile amchukue kabla hajazama katika dunia. Akangoja. Rangi za mbingu zikafifia, kengele ya chai ikalia, na wavulana wakapita wakizungumza mambo yao. Twaona kwamba jioni ile ndiyo iliyokata kamba, ijapokuwa jahazi lilikaa bandarini miaka mingine kadha.

Mwaka 1867, akiwa na umri wa miaka 17, alipata kazi katika maktaba ya British Museum, London. Hapakuwa na mhubiri tena. Palikuwa na karani mdogo aliyezungukwa na vitabu. Barua za baba zilimfuata, nyingi na ndefu, zote zikiuliza hali ya roho yake. Je, amesali leo? Je, amesoma Biblia kwa mpango? Je, amekaa na watu gani? Alizijibu kwa adabu, kisha kwa uchovu, kisha kwa khofu, mpaka kuona mwandiko wa baba juu ya bahasha kukawa kunamkwaruza moyo. Mwisho, alipokwenda kumzuru Devon, baba alimhoji tena ndani ya nyumba ya kioo alimokuwa akiotesha maua, katika joto na harufu nzito, na kijana hakuweza kustahimili. Alisema kwamba hawezi tena kujibu, akatoka. Baba alimwandikia kwamba hapana katikati: ama arudi katika imani nzima kama alivyofundishwa, ama watengane. Kijana akachagua kutengeneza maisha yake ya ndani mwenyewe.

Je, baada ya hapo alipotea kama baba yake alivyokhofu? Alifanya kazi ya halali miaka mingi. Mwaka 1875 akawa mfasiri katika idara ya serikali ya biashara, na mwaka huo huo akamuoa Ellen Epps, mchoraji, wakaishi pamoja hata mwisho wa umri wake, wakapata watoto 3. Mwanawe wa kiume alimwita Philip, jina la baba yake, naye akawa tabibu na mwenye kupenda viumbe kama babu yake. Edmund alijifunza lugha za nchi za kaskazini, na ndiye mmoja wa watu wa kwanza waliomjulisha Ibsen wa Norwei kwa wasomaji wa Kiingereza. Alisomesha Cambridge, na tangu mwaka 1904 hata 1914 aliangalia maktaba ya Baraza la Malodi. Mwaka 1925 akapewa daraja ya heshima ya Sir.

Msichana wa Kihindi, Sarojini Naidu, alipomletea mashairi yake ya Kiingereza yaliyojaa ndege na maua ya Uingereza, Gosse alimshauri ayaache, aandike juu ya nchi yake na watu wake. Msichana akamsikiliza, naye ndiye yule Bibi Naidu aliyekuja Mombasa Januari 1924 katika mkutano mkubwa wa Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Mtu aliyekatazwa kuwa yeye mwenyewe alijua thamani ya kumwambia mwengine awe yeye mwenyewe.

Lakini hatutaki kumfanya malaika. Mwaka 1886 mtaalamu mmoja, Churton Collins, alikitoa hadharani kitabu chake kimoja na kuonyesha makosa mengi mno ndani yake, na aibu ile alikaa nayo muda mrefu. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo kila neno hapana budi liwe kweli alikua akawa mzembe wa tarehe na majina. Tena alipenda sana kuwa karibu na wakubwa. Na kitulizo kile cha imani walichokuwa nacho wazazi wake, hakukipata mahali pengine.

Hata hivyo hakumkata baba yake. Alimzuru na kumwandikia mpaka mwisho. Philip Gosse aliendelea kungoja kurudi kwa Masihi, akitumai kwamba hataonja mauti. Akafa tarehe 23 Agosti 1888. Miaka 2 baadaye mwana alitoa hayati ya baba, kitabu cha heshima. Kisha mwaka 1907, akiwa karibu na miaka 60, akatoa kile kitabu kilicholihifadhi jina lake, Father and Son, yaani Baba na Mwana. Mara ya kwanza hakukitia jina lake, lakini watu walimtambua upesi. Humo ndimo tunamojua kisa cha kiti, cha mkate na cha dirisha. Alikufa London tarehe 16 Mei 1928.

Insafu yatutaka tuseme jambo moja. Ann Thwaite, aliyeandika hayati ya mwana mwaka 1984 na hayati ya baba mwaka 2002, alizichungua barua na karatasi za nyumba ile, akaona kwamba baba alikuwa mpole na mchangamfu zaidi kuliko alivyochorwa, na kwamba mwana alitengeneza mambo kadha ili kisa kipendeze. Shahidi ni mmoja, na shahidi mwenyewe ni mwenye kidonda. Tusimhukumu Philip Gosse kwa ushahidi huo peke yake. Lakini hata tukipunguza nusu ya maneno, hubaki hili: mtoto alikuwa peke yake na shaka zake katika nyumba iliyojaa maneno ya Mungu, wala hakuthubutu kumwambia mtu.

Hapo ndipo twataka wazee wenzetu wasimame kidogo. Philip Gosse hakuwa mnafiki wala mjinga wala mkatili. Alikuwa mkweli, mwenye elimu, mwenye kumpenda mwanawe kuliko nafsi yake. Kosa lake lilikuwa kwamba alidhani kuuliza ni mwanzo wa kukufuru, na kwamba majibu yaliyohifadhiwa ni imani. Kila mlango aliufunga kwa mapenzi, na kila mlango uliofungwa ulimfundisha mtoto kutafuta dirisha.

Sisi nasi tuna watoto wanaotoka chuoni asubuhi na kwenda skuli mchana, wanaosikia mambo mawili kwa masikio mawili, na usiku hulala kimya. Pengine yumo mmoja kati yao aliyekwisha kukijaribu kiti chake, akangoja, wala hapana aliyejua. Mtoto huyo akimjia baba yake na swali zito, asimkute baba mwenye ghadhabu mbio kuelekea jaani. Amkute mtu aliyekaa kitako, mwenye nafasi, awezaye kumwambia kwamba swali lake ni zuri, na kwamba watalitafuta jawabu pamoja.